Jumamosi Moja Nunguni

Safari ndefu ambazo familia yetu imezifunga kutoka Mombasa zimekuwa za arusi, za maziko, na za Maulidi ya Lamu. Hii tunayowasimulia wiki hii ilikuwa ya kwanza kufungwa kwa ajili ya mpira. Tumeonelea tuiandike, ndugu wasomaji, kwa kuwa twajua hatuko peke yetu: nyumba nyingi za mwambao zina mtoto anayesoma bara, na wazazi wanaozipata habari zake kwa simu, kisha kuzijazia wenyewe pale zinapopungua.

Mdogo wetu, kitindamimba wa nyumba, yuko mwaka wa pili katika chuo cha ualimu huko Ukambani. Alipoondoka tulimpa nasaha za kawaida: swala zake, masomo yake, marafiki zake. Hakuna aliyekumbuka kumnasihi kuhusu voliboli, maana hapa nyumbani hakuwahi kuushika mpira ila kwa kucheza kati na wenzake uchochoroni. Mwezi uliopita ikatufikia picha, si kutoka kwake bali kutoka kwa jamaa, ikiwa imekwisha kupita katika simu za watu wengi. Ilimwonyesha akiwa amejirusha mbele, mikono imenyooka, mtandio umemganda kichwani, na nyuma yake umati wa watazamaji, wanaume kwa wanawake. Chini ya picha paliandikwa maneno machache ya masikitiko ambayo hatuna haja ya kuyarudia.

Baba hakusema neno kwa siku mbili. Siku ya tatu alimpigia simu bintiye mbele yetu sote. Mdogo wetu hakukana. Alisema amecheza mwaka mzima, kwamba huvaa suruali ndefu na mikono mirefu, na kwamba alikusudia kutuambia lakini kila alipokaribia maneno yalimkwama. Mechi ya mwisho ya msimu, alisema, itakuwa Jumamosi huko Nunguni, dhidi ya chuo kingine. Baba akamwambia: "Sitahukumu kwa picha. Nitakuja nione. Nikiyaona ya kuniudhi, basi huo ndio utakuwa mwisho." Akajibu, "Sawa, Baba," kwa sauti ndogo ambayo sote tuliisikia.

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Na mimi naja," alisema. "Usilolijua ni usiku wa giza."

Njiani

Tuliondoka Mombasa Ijumaa baada ya swala, tumekodi matatu ya viti kumi na vinne, watu tisa na vikapu visivyohesabika. Mama alikuwa amekesha akipika: mahamri, mbaazi, samaki wa kukaanga, na achari ya maembe ndani ya chupa iliyofungwa kwa mifuko mitatu. Kila mmoja wetu alijua hali iliyokuwamo garini, na kwa sababu hiyo tulizungumza mambo mengine yote isipokuwa mpira.

Barabara hii ya Nairobi ina historia yetu pia, ijapokuwa mara nyingi tunaipita tumelala. Baada ya Mariakani mnazi hupotea, na nyika ya Taru huanza na vichaka vyake vya kijivu. Katika karne ya kumi na tisa njia za upande huu zilikuwa za misafara ya Wakamba waliokuwa wakileta pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Baadhi yao, hasa nyakati za njaa, walibaki na kukaa Rabai na upande wa Shimba, na vizazi vyao wapo hadi leo. Mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliingia Kitui kwa mkono wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, na ni akiwa huko, Desemba 1849, alipouona Mlima Kenya. Kwa hiyo mtu wa pwani anapoiita Ukambani "bara ya mbali", aweza kuwa anasahau kuwa watu wa bara hiyo walikuwa wakigonga milango yetu tangu enzi za mababu.

Tulipopita Mtito Andei jua lilikuwa limeinama, na vilima vya Chyulu vikaonekana mkono wa kushoto, vya samawati, vimepangana kama vikombe vilivyofunikwa. Baba, ambaye hakuwa amesema mengi, alituonyesha kwa kidole. "Maji ya Mzima yatoka chini ya vilima vile," alisema. "Hayo ndiyo mnayonywa nyumbani." Ni kweli. Mvua ya Chyulu huzama katika mawe ya volkeno, hutokeza katika chemchemi za Mzima, na kutoka huko bomba huyateremsha hadi Mombasa. Tulifurahi kusikia sauti yake.

Usiku tulilala Sultan Hamud. Mji huu mdogo wa reli wachukua jina la Sultani wa Unguja, Sayyid Hamoud bin Muhammad, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, miaka ileile reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea ziwani. Bibi alifurahishwa mno na habari hiyo. Alituambia amekuja mbali kote huku ili alale kwa Sultani, na akalala.

Vilimani

Asubuhi tuliiacha barabara kuu na kuanza kupanda vilima vya Kilungu. Hapa ndipo tulipogundua kosa letu la kwanza. Ilikuwa Juni, nasi tulikuwa tumevaa kama watu wa Mombasa. Kila kona gari lilipozunguka, hewa ilizidi kuwa baridi. Na tulipokaribia juu, ukungu ulikuwa umeufunika mlima hata dereva akawasha taa saa mbili na nusu ya asubuhi. Bibi alijifunga kanga tatu, moja juu ya nyingine, na akauliza kama watu wa huku huona jua siku zote au siku za sikukuu tu.

Ukungu ulipoanza kupasuka, ndipo tulipoiona nchi. Tulikuwa tumeizoea Makueni ya kandokando ya barabara: tambarare kavu, mibuyu, mbuzi na vumbi. Huku juu ni dunia nyingine. Miteremko mikali imekatwa ngazi kwa ngazi kutoka bondeni hadi karibu na kilele, na kila ngazi ina mahindi, maharagwe, migomba, miparachichi au kahawa. Dereva, ambaye ni mwenyeji wa upande huo, alitueleza kuwa matuta hayo huitwa "fanya juu": mkulima huchimba mtaro kuufuata usawa wa mlima, na udongo huutupa upande wa juu, si wa chini. Mvua ya miaka mingi huusawazisha udongo nyuma ya ukingo huo, na mteremko ukawa ngazi. Tulipenda kuwa jina lenyewe ni la Kiswahili na halihitaji maelezo.

Kazi hiyo si ya trekta. Imefanywa kwa majembe, na kwa sehemu kubwa na wanawake katika vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wakati wa ukoloni wataalamu waliitazama nchi ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, wakaona ardhi inayokufa kwa mmomonyoko. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kilichoonyesha kinyume cha hofu hiyo: kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa wilaya hiyo waliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko wa udongo ulipungua. Mama, ambaye ana bustani ya makopo sita barazani na huilalamikia kila siku, aliitazama milima ile kwa muda mrefu na kusema, "Wanawake hawa hawakuchoka?"

Nunguni wenyewe umekaa juu, mji wa mgongo wa mlima, maduka pande mbili za barabara, hospitali, soko, na watu waliovaa makoti mazito na kofia za sufi. Tulinunua parachichi kubwa kama ngumi mbili, na sweta za mitumba kwa kila aliyekuwa akitetemeka, yaani sote isipokuwa Baba, aliyesema hasikii baridi huku midomo yake ikisema vingine.

Uwanjani

Kiwanja kilikuwa cha shule moja ya hapo, udongo mwekundu uliosawazishwa kwenye ngazi pana ya mlima, na upande mmoja wake ukuta wa ardhi ambao watazamaji walikalia kama baraza. Hapakuwa na viti wala mlango wa tiketi. Palikuwa na wavu, mistari ya chokaa, na wanafunzi pamoja na wanakijiji wapatao mia tatu, pengine zaidi. Mama mmoja wa makamo, mwalimu wa shule hiyo, alipowaona wageni waliojifunika, alikuja mwenyewe kutusalimu, akatuletea benchi kutoka darasani na kumkalisha Bibi mahali penye jua. Alipoambiwa ni nyanya wa mchezaji, aliwageukia wanafunzi na kuwaambia. Kuanzia hapo Bibi hakuwa na jina jingine ila Susu, ambalo kwa Kikamba ni Bibi.

Kwa wasioujua mchezo, tueleze kwa ufupi. Voliboli, au mpira wa wavu, huchezwa na watu sita kila upande, katika uwanja wa mita 18 kwa 9, na wavu wa wanawake huwa na kimo cha mita 2.24. Timu yaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuuvusha. Seti huisha kwa pointi 25, lakini kwa tofauti ya pointi mbili. Timu zikigawana seti nne, ya tano huchezwa hadi 15. Ulibuniwa Marekani mwaka 1895 na William Morgan, mwalimu wa mazoezi aliyetaka mchezo wenye nguvu lakini usio na kugongana. Hilo la kutogongana lilimpendeza Mama. Alisema ni mchezo wenye adabu: kila mtu kwake, na pazia katikati.

Ukambani hawauchukulii kama burudani ya kupitishia wakati. Shule ya Kwanthanze ya jirani, Kaunti ya Machakos, imekuwa bingwa wa taifa wa shule za sekondari zaidi ya mara moja, na watazamaji waliotuzunguka walizitaja mechi zake kama watu wa Mombasa wanavyozitaja harusi. Timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, ilicheza Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, kisha Athens 2004, Tokyo na Paris. Watoto wa miaka kumi pale ukutani waliweza kuwataja wachezaji wake kwa majina na nafasi.

Timu zikaingia. Chuo cha mdogo wetu walivaa kijani. Tulimtafuta kati ya wale wa kijani na hatukumwona. Kisha akatokea wa mwisho, mfupi kuliko wote, suruali nyeusi, mikono mirefu, mtandio mweusi, na jezi ya manjano. Peke yake.

Tulimwona Baba akibadilika uso. Mchezo ulipoanza mambo yakazidi. Kila baada ya muda mdogo wetu alitolewa, akakaa kando, mwingine akaingia, kisha akarudishwa, kisha akatolewa tena. Hakuanzisha mpira hata mara moja. Hakuruka kupiga kwenye wavu hata mara moja. Baba alihesabu kwa vidole, na seti ya kwanza ilipomalizika, wamefungwa 25 kwa 19, alisema polepole, kwa sauti ambayo hatujaisikia kwake tangu kifo cha ndugu yake: "Wamembagua. Wamemvika rangi yake peke yake kwa sababu ya kile kitambaa." Akasimama ili amwendee kocha.

Mzee mmoja aliyeketi karibu, amevaa koti zito na kofia iliyoshuka hadi masikioni, alimshika mkono kwa upole. "Mzee mwenzangu, kaa," alisema. "Huyo wenu hajabaguliwa. Huyo ndiye libero."

Akaeleza, nasi tukasikiliza kama wanafunzi. Nafasi ya libero iliingizwa katika sheria za kimataifa mwaka 1998. Kazi yake ni ulinzi peke yake: kupokea mipira mikali na kuokota ile inayotaka kuanguka. Sheria yamkataza kushambulia juu ya wavu, na yamruhusu kuingia na kutoka bila kuhesabiwa kama mabadiliko, mradi achukue nafasi ya mchezaji wa nyuma. Ndiyo sababu lazima avae rangi tofauti, ili waamuzi wamtambue. Ni nafasi iliyomfungulia mlango mchezaji mfupi mwenye macho mepesi. "Agripina Kundu wa timu ya taifa alicheza nafasi hiyohiyo Tokyo," alisema mzee. "Na hawampi mtu yeyote tu. Wengine wakikosea, yeye ndiye anayesafisha. Mtazame miguu yake, usimtazame nguo."

Baba akaketi. Kuanzia hapo alimtazama miguu. Nasi pia tuliona tusichokiona mwanzo: kwamba mdogo wetu huanza kwenda kabla mpira haujapigwa, kwamba wale warefu wa mbele humgeukia yeye kabla ya kila mchezo, na yeye huwaonyesha kwa vidole nani asimame wapi. Huyu ndiye mtoto ambaye nyumbani hakuwahi kuachiwa hata kuchagua mapazia.

Katikati ya seti ya pili, pointi zikiwa 14 kwa 13, alijirusha kuuokoa mpira na akainuka nao umeokoka. Refa akapiga kipenga. Alikuwa ameona kitu kikimeta ardhini. Akainama, akaokota pini. Sheria, aliwaeleza kwa heshima, hairuhusu kitu chochote kinachoweza kumdhuru mchezaji au mwenzake. Mtandio hauna neno, pini haziruhusiwi. Mdogo wetu akazitoa zote, tatu zilizosalia, na mtandio ukalegea. Alibaki ameushika kwa mkono mmoja kidevuni, na mtu hawezi kupokea mpira kwa mkono mmoja. Tulimwona akitutazama, na tukajua anawaza nini: kwamba mbele ya baba yake, na mbele ya watu mia tatu, sasa itambidi achague.

Kocha aliomba mapumziko ya sekunde 30. Kabla hatujafahamu, benchi yetu ilikuwa tupu upande mmoja. Bibi alikuwa amekwisha kuvuka chokaa.

Hatukusikia yote aliyosema, ila mdogo wetu alitusimulia baadaye. Alimgeuza mjukuu wake kama anavyogeuza mtoto wa chuoni asubuhi ya Idi, akazipitisha ncha za mtandio chini ya kidevu, akazipishanisha nyuma ya shingo, akafunga fundo na kuzichomeka ndani ya ukosi wa jezi. Ni fundo wanalolifunga wanawake wetu wanapotwanga, wanapofua, wanapobeba maji. Fundo ambalo halijawahi kuhitaji pini. "Pini ni za arusini," alimwambia. "Kazini hufungwa fundo. Haya, nenda." Refa aliitazama saa yake, akatazama kando, kisha akapiga kipenga. Ukuta mzima ukapaza sauti, "Susu! Susu!" na Bibi akarudi kuketi kana kwamba alikwenda kufunga dirisha.

Walishinda seti hiyo 25 kwa 22. Walifungwa ya tatu 25 kwa 23, na kushinda ya nne 27 kwa 25, huku Mama akiwa amesahau kuwa anapiga kelele na sisi tukiwa tumesahau kumzuia. Katika seti ya tano walifuatana pointi kwa pointi hadi 12 kwa 12. Kisha ikawa 13, ikawa 14. Mpira wa mwisho haukupigwa kwa nguvu. Msichana wa upande wa pili aliruka kana kwamba atavunja mikono ya watu, kisha akaugusa tu kwa ncha za vidole, nao ukadondoka nyuma ya wavu. Mdogo wetu aliurukia. Vumbi lilipotulia mkono wake ulikuwa umefika mahali ulipoangukia, lakini mpira ulikuwa umetangulia. Kumi na tano kwa kumi na mbili.

Baada ya kipenga

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mwalimu mwenyeji wetu alituletea maji ya moto kwenye birika, kwa kuwa ya mferejini, alisema, yangetuua. Tulitandika mikeka nyuma ya darasa. Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Huku, kwa kuwa tuko magharibi zaidi, tuligeuka mashariki kidogo ya kaskazini, na hapo mbele yetu palikuwa na ngazi za mashamba zikishuka hadi zikapotea katika ukungu. Tulikusanya adhuhuri na alasiri kama wasafiri. Mdogo wetu alisali nyuma pamoja na Mama na Bibi, vumbi jekundu bado magotini, na mtandio haukuwa umefunguka.

Kisha vikapu vikafunguliwa. Mwalimu alileta sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na akatangulia kutuhakikishia kuwa hamna nyama ndani wala mafuta ya nyama. Alikuwa ameuliza mapema kwa wanafunzi ni nini kinachofaa. Sisi tukatoa mahamri na mbaazi. Samaki wetu walizua mjadala kuhusu miiba, na achari ya Mama ilimtoa machozi mzee wa koti zito, ambaye hata hivyo aliomba tena. Wachezaji wa timu zote mbili walikaa pamoja, walioshinda na walioshindwa. Msichana aliyeudondosha mpira wa mwisho alikuja kumwamkia Bibi kwa mikono miwili.

Hapo mdogo wetu alituambia mengi ambayo simu haikuyasema. Kwamba mwanzoni alitaka kuacha, kwa kudhani voliboli na mtandio havipatani, hadi mwenzake wa chumbani, Mkristo wa Mbooni, alipomwonyesha picha za Doaa Elghobashy, Mmisri aliyecheza voliboli ya ufukweni katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kichwa chake kikiwa kimefunikwa, na akarudi tena Paris mwaka 2024. Kwamba mazoezi yao huwa alasiri, naye amepatana na kocha achelewe dakika kumi ili asali kwanza. Mama akatukumbusha kisa ambacho kila mtoto wa chuoni hukisikia, cha Bibi Aisha kushindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie. Baba alisikiliza yote huku akimenya chungwa.

Alipomaliza kulimenya alimpa bintiye nusu. "Ule mpira wa mwisho," alisema, "ungeliweza kuufikia?"

Mdogo wetu akafikiri. "Ningeliweza, Baba, lau ningeanza mapema."

"Basi mwakani anza mapema," alisema Baba. Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Na jambo lolote jingine, anza mapema vilevile. Tusilisikie kwa watu."

Hakusema zaidi, na hatukuhitaji zaidi. Mdogo wetu aliinamisha kichwa. Hakuangua kilio aliposhindwa mbele ya umati, lakini hapo alilia.

Ukungu ulianza kurudi saa tisa, ukipanda kutoka mabondeni, na wenyeji wakatuhimiza tushuke kabla haujatufungia njia. Garini Bibi alikaa karibu na dirisha. Tulipoifikia barabara kuu alituambia, kana kwamba anaendeleza mazungumzo yaliyokwisha kuanza, kwamba alipokuwa msichana alikuwa bingwa wa kati katika mtaa wao, na mpira wao ulikuwa wa matambara, na hakuna aliyeweza kumlenga. "Nikaambiwa nimekuwa mwari, nikaacha," alisema. "Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili." Tulimsubiri aendelee, lakini alikuwa ameanza kusinzia.

Jumapili tulipofika nyumbani, Baba alimtumia yule jamaa picha moja. Ilikuwa ya Bibi akifunga fundo nyuma ya shingo ya mjukuu wake, na nyuma yao wavu na milima. Hakuandika neno chini yake.

Kwa watakaopenda kwenda Nunguni: njia ni nzuri ila ina kona nyingi, kwa hiyo asiyezoea gari ale kidogo asubuhi. Chukueni sweta hata kama Mombasa jua lawachoma, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Chukueni mkeka na chakula chenu, na msikatae chakwao. Mkiwa na mtoto anayesoma huko, muulizeni siku gani anacheza. Nasi, Mungu akipenda, mwakani tutakuwa huko tena. Bibi amekwisha kuulizia tarehe.